Elektroni ina deni: kwa nini ulipata 456 badala ya 656

"Mwalimu shikamoo. Niko fomu faivu, nasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), hesabu ya O-level nilitoka na D kwa hiyo nikiona fomula tu kichwa kinagoma. Sasa tumefika kwenye atomu, tumepewa E = −13.6/n² halafu swali linasema elektroni ya haidrojeni imeshuka kutoka n=3 hadi n=2, tafuta urefu wa wimbi la mwanga unaotoka. Nimerudia mara tatu napata 456 nm, wenzangu wote wana 656. Nilimwonyesha ticha akasema nimekosea aljebra, basi, akaendelea na ubao. Kingine, hiyo hasi inanichanganya, nishati ya hasi ndo nini? Na kwa nini ngazi ya juu ina namba ndogo kuliko ya chini? Rafiki yangu anasema nikariri tu nisijisumbue. Naomba unieleweshe, au kama hii kitu ni ya watu wa hesabu niambie ukweli nihamie HGL mapema."

Marahaba mdogo wangu. Kwanza HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) iache ilipo, ina wenyewe na wana mzigo wao, hatujafika huko. Nimesoma swali lako nikacheka kidogo, si kwa dharau, ni kwamba hiyo 456 yako naijua, nimekutana nayo kwenye madaftari mengi na kila ikija inakuja kwa njia ile ile. Ngoja nikwambie ulichofanya kabla hujanionyesha kazi yako: ulichukua 1/2² na 1/3², juu ukaacha 1, chini ukatoa 4 kwenye 9 ukapata 5, ukabaki na 1/5. Halafu 13.6 gawanya kwa 5 ni 2.72, ukachukua 1240 ukagawanya kwa 2.72, ikaja 456. Nimepatia? Kama nimepatia basi fizikia yako iko salama kabisa, ulijua kwamba mwanga unatoka kwenye tofauti ya ngazi mbili za nishati (n ni namba ya ngazi), ulijua pia nishati inageuzwaje kuwa urefu wa wimbi, umekwama tu kwenye kutoa sehemu, kitu cha shule ya msingi ambacho ukikirudia vizuri ni jioni moja.

Weka fomula pembeni tuchukue chapati. Una nusu chapati, mdogo wako akaja akamega theluthi ya chapati nzima, umebaki na kiasi gani? Kwa njia yako ni 1/(2−3), yaani 1 gawanya kwa hasi moja, yaani hasi moja, ina maana ulikuwa na nusu, mtoto kamega kidogo, sasa hivi unadaiwa chapati nzima. Hapana. Unaikata chapati nzima vipande sita, nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili, kinabaki kimoja, 1/6. Ile namba ya chini, asili, haikwambii una vitu vingapi, ni jina la saizi ya kipande, na majina hayatolewi. Ndo maana lazima kwanza utafute saizi moja inayowafaa wote wawili, ile KDS (kigawe kidogo cha shirika) tuliyokuwa tunaimba darasani, halafu ndo unatoa zile za juu.

Sasa rudi kwenye swali lako:

1/4 − 1/9 = 9/36 − 4/36 = 5/36

Umeiona ile 5 yako? Ilikuwepo kweli, ila ulimwekea kiti cha chini wakati nafasi yake ni juu, na 36 ukaipoteza njiani. Endelea: 13.6 × 5 ÷ 36 = 1.89 elektronivolti (kizio kidogo cha nishati, ndo kizio cha ile 13.6), na 1240 ÷ 1.889 = 656 nanomita. (Hiyo 1240 ni h, konstanti ya Planck, zidisha c, kasi ya mwanga, imeshageuzwa tayari ili ukiweka elektronivolti upate nanomita, nitairudia huko chini maana ina mtego wake.)

Kuna njia ya kujikagua hapa hata kama mwalimu kaondoka, nayo ni rangi. Mwanga wa 656 nm ni mwekundu, wa 456 ni wa bluu. Haidrojeni ikitiwa umeme ndani ya tubu ya kioo inawaka rangi ya waridi hivi, ukiuchambua huo mwanga unaona mistari minne tu inayoonekana kwa macho: mwekundu wa 656, wa bluu-kijani wa 486, na miwili ya zambarau, 434 na 410. Hapo 456 haipo. Yaani ulitengeneza rangi ambayo haidrojeni yenyewe haiijui.

Twende kwenye hasi, maana nadhani huko ndo uliko wasiwasi wako mkubwa. Wengi wanaambiwa "hasi inaonyesha elektroni imeshikiliwa" wanaandika kwenye notsi na maisha yanaendelea, lakini hakuna aliyeelewa. Mimi napenda kulieleza kwa daftari la madeni la Mangi wa mtaani kwenu. Mtu asiyedaiwa chochote ana sifuri, yuko huru, anapita mbele ya duka kifua mbele. Elektroni iliyotoka kabisa kwenye atomu, imekaa mbali imetulia, hiyo ndo sifuri. Iliyo ndani ya atomu inadaiwa. Ikiwa n=1 inadaiwa 13.6. Ikiwa n=2 inadaiwa 13.6 gawanya kwa 4, sawa na 3.40. Ikiwa n=3 ni gawanya kwa 9, 1.51. n=4 ni 0.85. Hasi ya mbele ya namba ni kusema tu "hili ni deni", na nishati unayohitaji kuitoa elektroni nje ya atomu ni kulilipa deni lote, ndo maana nishati ya kuionisha haidrojeni ni 13.6 ile ile ikiwa chanya.

Nijibu sasa, kati ya anayedaiwa 1.51 na anayedaiwa 3.40 nani ana afadhali? Wa 1.51. Kwa hiyo −1.51 ni kubwa kuliko −3.40, iko juu yake, iko karibu zaidi na sifuri. Ulichoona wewe ni "namba ndogo" kwa sababu uliifunika hasi kwa kidole ukaangalia tarakimu peke yake, ni kosa la kawaida sana, hata watu wa PCM, wanaosoma hesabu yenyewe, wanalifanya wakiwa na haraka.

Mwanga unatokeaje hapo? Elektroni ikishuka kutoka n=3 kwenda n=2 deni lake linapanda kutoka 1.51 hadi 3.40, yaani imekopa 1.89 mpya, na hiyo 1.89 haikai nayo mfukoni, inaitupa nje papo hapo kama kifurushi kimoja cha mwanga, fotoni. Kupanda ni kinyume chake, lazima iletewe malipo, na Mangi wetu huyu ana roho mbaya, anapokea malipo kamili tu ya kukutoa mstari mmoja wa daftari hadi mwingine, chenji hana. Elektroni ya n=1 ukiipa fotoni ya 10.2 inapanda hadi n=2, ukiipa ya 12.09 inafika n=3, ukiipa ya 12.0 haichukui kabisa, fotoni inapita zake kama vile hapakuwa na mtu, hata kama 12 ni kubwa kuliko 10.2. Hili swali linapendwa sana na watunga mitihani. Ila ukivuka 13.6, tuseme 15, hapo inalipa deni lote na ile 1.4 inayobaki inaondoka nayo kama mwendo, maana nje ya atomu hakuna ngazi tena. (Mfano wa Mangi unafaa kwa fotoni tu, elektroni nyingine ikija kugonga atomu inaweza kutoa sehemu ya nishati yake na kubaki na nyingine. Usiuvute mfano kupita hapo.)

Na kwa nini sifuri iwekwe pale juu, isiwekwe chini kwenye n=1 tukaachana na hasi? Inawezekana! Jumlisha 13.6 kwenye kila ngazi, n=1 inakuwa 0, n=2 inakuwa 10.2, n=3 inakuwa 12.09, hasi zote zimekwisha. Tofauti ya n=3 na n=2 bado ni 1.89. Kialjebra ni (a + c) − (b + c) = a − b, c imejifuta yenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuiona ngazi yenyewe, kinachotoka kwenye atomu kikafika machoni ni tofauti za ngazi, kwa hiyo kila kitu kwenye topiki hii kinaishia kwenye kutoa. Sifuri tuliiweka sisi pale kwa sababu fomula inabaki fupi.

Angalia pia zile nafasi kati ya ngazi. Watu husikia "ngazi za nishati" wanafikiria ngazi ya fundi wa kupaka rangi, vipago vimeachana sawasawa. Hapa kutoka n=1 hadi n=2 ni 10.2, halafu 1.89, halafu 0.66, halafu 0.31, zinabanana kadiri unavyopanda mpaka zinakuwa kama nywele, na bado zote, bila kikomo, zinaenea chini ya sifuri. Hiyo ni kazi ya n² kukaa chini, ukigawanya kwa 100 au kwa 121 tofauti yake ni ndogo mno.

Sasa nikupeleke kwa mtu ninayempenda kwenye hii hadithi, maana inahusu mtu wa aljebra tupu. Johann Jakob Balmer alikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1885 akiwa na miaka 60 alichukua urefu wa wimbi wa ile mistari minne ya haidrojeni, wakati huo hakuna aliyejua atomu imekaaje ndani, hata elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa bado, akakaa na kalamu akatafuta fomula itakayozaa namba zote nne. Kwa vipimo vya leo ni hii (λ ni urefu wa wimbi kwa nanomita):

λ = 364.56 × n² / (n² − 4)

Weka n=3: 9 gawanya kwa 5 ni 1.8, zidisha 364.56, unapata 656. Weka n=4: 16 gawanya kwa 12, unapata 486. Jaribu 5 na 6 mwenyewe. Inafanya kazi, ila ukiitazama haikwambii kitu, hiyo 4 imetoka wapi? Miaka michache baadaye, 1888, Johannes Rydberg wa Sweden akatoka na fomula pana ya mistari ya elementi nyingi, yeye akifanya kazi na 1/λ badala ya λ, na ukifuata njia hiyo ya kupindua fomula ya Balmer ndo kitu kinafunguka. Fanya na mimi taratibu, kila mstari uandike:

1/λ = (n² − 4) / (364.56 n²)

Juu kuna vitu viwili, chini kimoja, kwa hiyo unaruhusiwa kutenganisha (kumbuka, juu unaruhusiwa, chini hapana, ndo kosa lako la mwanzo hilo hilo kwa upande wa pili):

1/λ = (1/364.56) × (1 − 4/n²)

Toa 4 nje ya mabano:

1/λ = (4/364.56) × (1/4 − 1/n²)

Na 1/4 ni 1/2². Umeiona? Kumbe ile 4 ilikuwa ngazi ya pili imejificha. Na 4 ÷ 364.56 ni 0.01097 kwa nanomita, ukigeuza kwa mita ni 1.097 × 10⁷, ndo ile R, konstanti ya Rydberg, mnayopewa kwenye karatasi ya konstanti kama imeshuka kutoka mbinguni. Tena zidisha 0.010972 kwa 1240 uone inakuja nini. 13.6. Fomula ya Balmer, ya Rydberg na hiyo ya −13.6/n² unayoiogopa ni kitu kimoja kimevaa nguo tatu. Hata 364.56 yenyewe ina maana, ndo urefu wa wimbi la mwanga unaotoka elektroni ikishuka kutoka juu kabisa kwenye sifuri ikatua n=2: 1240 ÷ 3.40, unapata 365 hivi.

Niels Bohr alikutana na fomula ya Balmer mwanzoni mwa 1913 akiwa tayari anahangaika na atomu, na mwaka huo huo akatoa maelezo ya kwa nini iwe n². Hii sehemu ukiwa na haraka iruke, lakini nataka uione mara moja maishani maana ni aljebra ya O-level tu, hakuna kalkulasi. Kiini kinavuta elektroni, na mvuto huo ndo unaoifanya izunguke (k ni konstanti ya Coulomb, e ni chaji ya elektroni, m masi yake, v kasi yake, r umbali wake kutoka kwenye kiini):

ke²/r² = mv²/r

Zidisha pande zote kwa r, unapata mv² = ke²/r. Halafu Bohr akaweka sharti la kibabe, kwamba mvr = nh/2π, n ikiwa namba nzima tu, 1, 2, 3. Fanya v iwe peke yake: v = nh/(2πmr). Ipige skwea, iweke kwenye mv² = ke²/r, zidisha kwa r² usafishe, inabaki:

r = n² × h²/(4π²mke²)

Usiogope hayo mabaki, kila herufi ndani yake ni konstanti, ukiyapiga yote kwenye kalkuleta yanatoka 0.0529 nanomita. Kwa hiyo r = 0.0529 n², ngazi ya pili iko mara nne mbali, ya tatu mara tisa. Nishati sasa: ya mwendo ni ½mv², yaani ½ke²/r, ya mvuto ni −ke²/r, jumlisha nusu na hasi moja unapata hasi nusu:

E = −½ke²/r

Hapo ndo hasi ilipozaliwa, mvuto ni mkubwa mara mbili ya mwendo, deni linashinda. Na ke² kwa vipimo vyetu ni 1.44, nusu yake 0.72, gawanya kwa 0.0529 n²... 13.6/n². Siku nilipofanya hii kwa mkono wangu mwenyewe mara ya kwanza, bila kuangalia kitabu, nilitoka nje kupunga upepo.

Lazima niwe mkweli kwako lakini. Picha ya elektroni inazunguka kiini kama sayari ilishaachwa zamani. Mwaka 1924 Louis de Broglie alisema elektroni ina tabia ya wimbi, na sharti la Bohr ukilipanga upya, 2πr = n × h/mv, linasema mzunguko lazima ubebe mawimbi mazima, halina ubabe tena. 1926 Schrödinger akaleta mlinganyo wake na njia za mviringo zikafutika kabisa, mkabaki na zile obito za s, p, d mnazochora. Nishati za haidrojeni kutoka kwenye huo mlinganyo? −13.6/n², zile zile. Picha ilikuwa na makosa, namba zikabaki.

Pia −13.6/n² ni ya haidrojeni, na ya atomu zilizobaki na elektroni moja tu. Heliamu iliyopoteza elektroni moja unazidisha kwa Z² (Z ni idadi ya protoni kwenye kiini, hapa 2), 13.6 × 4 = 54.4, iko sawa. Ila heliamu nzima yenye elektroni mbili, ukifanya hivyo unadanganywa, kutoa elektroni ya kwanza kunahitaji 24.6 tu, siyo 54.4, kwa sababu zile mbili zinasukumana na kila moja inamziba mwenzake kiini. Sodiamu vile vile. Ukipika ugali kwenye gesi chumvi ikamwagikia motoni, ule moto wa njano unaoruka ni elektroni ya sodiamu inashuka, 589 nm, ukigawanya 1240 kwa 589 unapata 2.1 elektronivolti. Kugeuza nishati kuwa urefu wa wimbi kunafanya kazi kwa atomu yoyote. Kinachogoma ni ile 13.6/n², ukijaribu kupata 2.1 kwa kutafuta n mbili na Z ya 11 utakesha.

Sasa ushauri wa rafiki yako, kariri tu. Sitaki nimseme vibaya, kuna swali la aina moja ambalo kukariri kunalimaliza kwa dakika mbili na alama unapata. Shida inaanza swali likigeuzwa kidogo, wamekupa urefu wa wimbi wakataka n, au wamekupa jouli, au wameuliza fotoni ya 12.0 inafanyaje. Mimi ningekushauri ukariri namba mbili, 13.6 na 1240, halafu kutoa sehemu uelewe mpaka mifupani. Na ule mtego wa 1240: inafanya kazi kwa elektronivolti na nanomita peke yake. Karatasi ya kemia mara nyingi inakuja na 2.18 × 10⁻¹⁸ jouli, hapo rudi kwenye hc/λ ya kawaida, h 6.63 × 10⁻³⁴ na c 3.00 × 10⁸, na onyesha njia, wasahihishaji wanataka kuona njia. Ukipata 658 badala ya 656 usifute karatasi, ni kukadiria kwa konstanti tu. Ila ukitumia fomula ya R na jibu likaja 1.524 × 10⁶, hiyo ni 1/λ, umesahau kupindua. Kama ni λ basi hilo wimbi lina kilomita 1,524, linaanzia Dar linaipita Mwanza.

Kuhusu wewe mwenyewe. D ya O-level haikwambii kama unaweza hii kitu au huwezi, jipime hivi, bila kalkuleta: moja, 1/a − 1/b iandike kama sehemu moja. Mbili, kama 1/x = 1/4 − 1/9, x ni ngapi. Tatu, panga −0.85, −13.6 na −3.40 kuanzia ndogo. Ukipata zote, tatizo lilikuwa haraka tu. Ukikosa moja, rudia chapati. Ukikosa mbili au zote usiendelee kusoma maelezo kwenye simu, hata haya yangu, nenda na daftari lako kwa mwalimu wa BAM (ile hesabu ya watu wasio wa PCM) au mtu wa PCM unayemwamini akae pembeni yako akuangalie unavyoandika, maana kosa la aljebra linaonekana mkono ukiwa unatembea, mimi huku nabahatisha tu. Usiende na "sielewi atomu", nenda na "nionyeshe kutoa sehemu zenye herufi", utasaidiwa haraka zaidi. Na kama unaona tarakimu zinabadilishana nafasi machoni, 36 unaandika 63, mara kwa mara hata ukiwa umetulia na umelala vizuri, au ukiona swali la hesabu mapigo ya moyo yanakimbia mpaka unashindwa kusoma, hilo siyo la mwalimu wa fizikia, mwambie matroni au mwalimu wa ushauri na mzazi pia, akupeleke kwa mtu anayejua mambo hayo, wala siyo aibu.

Jambo la kufanya jioni kwa raha zako: tafuta CD ya zamani, simama mbali na taa ya tubu, iinamishe mpaka uone mwanga wake umechanuka. Taa ya tubu ya kizamani ina zebaki ndani, utaona rangi zimekaa mafungu mafungu hazitiririki kama upinde wa mvua. Taa za LED hazitakuonyesha hivyo. Jua usiliangalie kwa CD wala kwa chochote. Na kama shule ina tubu ya haidrojeni aiwashe fundi wa maabara, ile inakula volti nyingi, usiishike.

Nakuachia moja, n=4 kwenda n=2. Jibu linatakiwa liwe la bluu-kijani. Ukipata 1094 ujue umetoa majina tena, rudi kwenye chapati.